Mikono ya Yaya

Yaya yangu alikuwa anavaa sweta mbili hata kwenye jua la saa sita mchana. Baridi ya asubuhi hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, tunaijua. Ukungu unapanda kutoka ziwani na watoto wa shule wanapita Kadutu wameficha mikono kwapani. Lakini saa sita ni saa sita. Yeye alikaa kwenye kizingiti na sweta zake mbili, kitambaa kichwani, soksi za mwanawe miguuni, na ukimpa mkono ungedhani ametoka kufua mtoni. Miaka tisa tulimtazama hivyo. Jibu la ile baridi lilikuwa limelala ndani ya usiku mmoja wa mwaka 2008. Usiku huo nilikuwepo, nilishika taa, na sikujua ninachokiona.

Kwetu Kivu yaya ni ndugu mkubwa, awe wa kike au wa kiume. Huyu ni wa kike, ndiye aliyenibeba mgongoni. Ameniruhusu nisimulie habari za mwili wake, ila jina lake libaki nyumbani.

Alijifungua mtoto wake wa tatu kwenye kituo cha afya kimoja juu ya milima, upande wa Kabare. Nilikuwa na miaka 19, mama amenituma nibebe beseni, vitenge na chupa ya chai. Mtoto alitoka saa mbili usiku, mvulana, mwenye sauti. Kondo la nyuma likafuata. Mkunga, mama mtu mzima mwenye mvi, alilikagua kwenye mwanga wa taa yangu akasema, "Limetimia." Tukashukuru Mungu. Kisha kitenge cha kwanza kikalowa. Nikakitoa, nikaweka cha pili. Sijamaliza kukunja kile cha kwanza, cha pili nacho kimejaa.

Mkunga alimdunga kwenye paja sindano ya ositosini, dawa ya kuukaza mji wa mimba. Akalisugua tumbo. Akamdunga ya pili. Nilimwona akiigeuza ile ampuli tupu, kichupa cha dawa, kwenye vidole, akiisoma, akiigeuza tena. Damu ilishuka bila kelele yoyote. Nilimshika Yaya mkono: baridi, na jasho jembamba juu yake. "Mdogo wangu," akasema, "nina kiu." Baada ya hapo hakusema tena mpaka kesho yake.

Gari lililopatikana lilikuwa la kubeba matofali. Yule mkunga alipanda nyuma pamoja naye, akaingiza ngumi moja ukeni, mkono wa pili akakandamiza tumbo kutoka juu, akaubana mji wa mimba katikati ya mikono yake miwili, na hakuachia mpaka tulipofika mjini. Zaidi ya saa moja, mvua, mashimo, giza. Walipompokea Yaya, vidole vya yule mama vilikataa kukunjuka, ikabidi muuguzi amkande. Nimefanya kazi hii miaka mingi sasa na bado naamini kwamba kama Yaya anakula ugali leo, ni kwa ajili ya ngumi ile kwanza, na mengine yote ni ya pili.

Mengine yenyewe yalikuwa haya: seramu, yaani maji ya mishipani, kwenye mishipa miwili, ositosini iliyotoka kwenye frigo, uniti 20 ndani ya chupa ya seramu, na mifuko mitatu ya damu. Mmoja ulitoka kwangu, mmoja kwa kaka yetu, mmoja kwa kijana aliyekuwa anamlinda mgonjwa wake kitanda cha jirani. Karibu na alfajiri kizazi kikajikaza, kikawa kigumu kama nazi. Daktari akanichukua mkono, akauweka juu ya tumbo la Yaya nisikie mwenyewe. Nadhani ukunga wangu ulianzia kwenye kiganja hicho.

Nilipoingia shule ya uuguzi nilielewa nilichokiona. Mimba inapokaribia kutimia, damu inayopita kwenye mji wa mimba ni zaidi ya nusu lita kila dakika. Kondo likibanduka, linaacha mishipa wazi. Kinachoifunga ni msuli wenyewe wa kizazi: nyuzi zake zimepishana kama kikapu kilichosukwa, na zikijikaza zinaibana mishipa inayopita katikati yake. Zikilegea, hakuna kinachozuia. Ositosini ndiyo homoni inayoziambia nyuzi hizo zijikaze. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale aliona kwamba dondoo ya tezi ya ng'ombe inaubana mji wa mimba wa paka. Tezi hiyo ni pituitari, ambayo kwa binadamu ina ukubwa wa punje ya haragwe na inaning'inia chini ya ubongo, nyuma ya pua. Miaka mitatu baadaye William Blair-Bell akaipeleka dondoo hiyo kwa akina mama. Shida yetu ya mlimani ni kwamba ositosini ya ampuli inapaswa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Frigo ya kituo kile ilikuwa ya mafuta ya taa, na mafuta yalikuwa yamekwisha siku nyingi. Ampuli zilikuwa kwenye kisanduku dirishani. Yule mkunga alinieleza mwenyewe, nilipomtafuta miaka mitatu baadaye, na alilia akinieleza.

Na ile mikono baridi ya usiku ule? Hiyo pia ilikuwa kazi ya homoni. Damu ikipungua, mwili hautulii kungoja muganga. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakimbia, mishipa ya ngozi, ya mikono na ya miguu inafungwa, ili damu iliyobaki iende moyoni na kwenye ubongo. Pituitari nayo inaachilia vasopresini, ambayo inabana mishipa na kuziambia figo zisipoteze maji. Ndiyo maana mama kijana anaweza kukuonyesha tansio nzuri, yaani msukumo wa damu unaoridhisha, huku robo ya damu yake iko sakafuni. Nawaambia wanafunzi wanaokuja kwetu: msiusubiri mtambo wa tansio uwaambie. Shikeni mkono. Hesabuni mapigo. Mkono baridi na mapigo 120 ni barua ambayo mwili umekwisha kuandika. Tansio ikianguka, hiyo ni habari ya mazishi inayokaribia.

Vasopresini nataka kukaa nayo kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nianze kuandika wiki hii. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: kama mwili wenyewe unajitibu kwa homoni, kwa nini tusimpe mgonjwa homoni hizo tukaacha kuhangaika kutafuta damu? Swali zuri. Watu wakubwa wamelifanyia kazi.

Akiba ya vasopresini kwenye pituitari ni ndogo. Mtu akikaa muda mrefu katika shoki, yaani damu haifiki mwilini inavyotakiwa, inakwisha, na mishipa iliyokuwa imejikaza inaanza kulegea. Hapo hata noradrenalini, homoni nyingine ya kubana mishipa, inapigwa bure. Mwaka 1999 madaktari wa New York walieleza jambo hili kwa mbwa waliopungukiwa damu kwa muda mrefu: noradrenalini haikuwasaidia tena, vasopresini ikaipandisha tansio yao. Halafu Philadelphia, Marekani, wakajaribu kwa watu 100 waliojeruhiwa, wengi wao kwa risasi na visu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Nusu walipewa uniti 4 za vasopresini mara moja, kisha kidogo kidogo kwa mashine mpaka saa 48. Nusu nyingine walipewa maji yasiyo na dawa. Wote waliendelea kuongezewa damu na kufanyiwa upasuaji kama kawaida. Waliopata homoni walihitaji lita 1.4 za damu na mazao yake, wenzao lita 2.9. Hesabu hiyo ni ya mgonjwa wa katikati: nusu ya wenzake walihitaji zaidi, nusu pungufu.

Nilipoisoma hesabu hiyo, usiku wa zamu, simu mkononi, nilisimama. Lita moja na nusu! Hapa kwetu mfuko wa damu una uso. Ni mkono wa kaka, ni shangazi aliyepanda pikipiki kutoka Bagira, ni mwanafunzi ambaye hamjuani. Kupunguza nusu ya mifuko ni kupunguza nusu ya simu zile tunazopiga saa tisa usiku. Lakini soma mpaka mwisho: waliokufa walikuwa sawa pande zote mbili, asilimia 12 na asilimia 12. Homoni ilipunguza damu iliyohitajika, haikupunguza makaburi. Tena wale walikuwa majeruhi, wengi vijana wa kiume, wenye daktari wa upasuaji mlangoni na mashine inayohesabu matone. Mama aliyetoka kujifungua hakuwa katika jaribio hilo, na wodi yetu usiku ina wauguzi wawili. Kwa hiyo nilimjibu mwanafunzi wangu hivi: homoni inaubana mrija, lakini maji yaliyomwagika hairudishi, na tundu ambalo halijazibwa litaendelea kuvuja. Ziba kwanza. Rudisha damu. Vasopresini ije kwa mwenye mashine na macho ya kutosha ya kuiangalia.

Ositosini na vasopresini, kwa njia, ni ndugu wa tumbo moja. Kila moja imeundwa kwa asidi amino tisa, na zinatofautiana mbili tu. Vincent du Vigneaud, aliyezichambua na kuzitengeneza, alipewa Nobel ya kemia mwaka 1955. Undugu huo una maana kitandani: ositosini nyingi, kwa saa nyingi, pamoja na seramu ya maji matupu ya sukari, inaweza kumfanya mama abaki na maji mwilini kama kwamba umempa vasopresini. Kwa upande wa mishipa zinaachana njia. Ositosini ikisukumwa haraka kwenye mshipa inashusha tansio, na mama aliye katika shoki hana tansio ya kutoa sadaka. Taratibu, daima.

Sasa nirudi kwa Yaya.

Siku ya tatu maziwa hayakuja. Siku ya tano hayakuja. Mama alimpikia uji wa mtama, sombe ya karanga, supu ya kichwa cha mbuzi. Matiti yalikuwa laini kama ya msichana ambaye hajawahi kuzaa. Watoto wawili wa kwanza alikuwa amewanyonyesha mpaka jirani wanamcheka kwa wingi wa maziwa! Wauguzi walisema ni uchovu, damu imempungua, yatakuja. Mtoto akalelewa kwa maziwa ya kopo tulipokuwa na franga, na ya ng'ombe tulipokuwa hatuna.

Hedhi nayo haikurudi. Nywele za siri, zilizonyolewa hospitalini usiku ule, hazikuota tena. Hili aliniambia baada ya miaka mingi, kwa aibu, uso ukiangalia ukuta. Akawa mzito wa kusema, sauti ikakwaruza, ngozi ikapauka kama ya mzee. Alikuwa mwanamke aliyebeba ndizi kichwani mpaka soko la Kadutu kabla jua halijatoka. Sasa kuchota maji ndoo moja kulimlaza. Mume wake alikwenda machimbo ya dhahabu upande wa Kamituga, akatuma pesa mwaka mmoja, akanyamaza. Majirani walisema amelishwa sumu. Hapa kwetu ugonjwa usioeleweka una jina hilo, na jina hilo lina mtu anayenyooshewa kidole. Safari hii alikuwa wifi yake, mwanamke asiye na kosa lolote. Tulimpeleka kwenye chumba cha maombi, tukampeleka kwa mzee wa mitishamba. Mimi nikiwa tayari na diploma yangu ukutani! Nilimpima wekundu wa damu, nikampa vidonge vya madini ya chuma, nikajiridhisha. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka 2017 alishikwa na malaria ya kawaida, ya aina inayomlaza mtu siku mbili. Yeye alizimia. Sukari yake ya damu ilikuwa 38, chini mno. Tulimpa glukosi akaamka, saa moja baadaye akaanguka tena. Daktari wa zamu, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, aliacha kuangalia karatasi, akavuta kiti.

"Mama, mtoto wa mwisho ulimnyonyesha?"

"Hapana, daktari. Maziwa yalikataa."

"Na wakati wa kumzaa, ulipoteza damu?"

Yaya aliniangalia mimi. Nikajibu mimi, na nilipokuwa nahesabu vile vitenge kwa mdomo, ndipo vikajipanga vyote mbele yangu: vitenge, maziwa, hedhi, nywele, baridi, sukari. Kitu ambacho nilikuwa nimekisoma shuleni, nikakijibu kwenye mtihani, nikapata alama zangu, kilikuwa kimekaa kizingitini kwetu miaka tisa kimevaa sweta.

Ni ile punje ya haragwe. Wakati wa mimba sehemu yake ya mbele inavimba, kwa sababu inajiandaa kuagiza maziwa. Damu inayoilisha inafika kwa mishipa midogo yenye msukumo mdogo. Tansio ikianguka sana na kukaa chini, sehemu hiyo ndiyo ya kwanza kukosa, na inakufa. Ya nyuma, inayohifadhi ositosini na vasopresini, mara nyingi inapona kwa kuwa ina mshipa wake wenyewe. Harold Sheehan, aliyekuwa anachunguza maiti za akina mama waliofia uzazi huko Glasgow, alieleza haya mwaka 1937, na ugonjwa unabeba jina lake. Ya mbele ikifa, hakuna wa kuagiza maziwa, hakuna wa kuamsha mayai ya uzazi, hakuna wa kuiamuru tezi ya shingoni itengeneze joto la mwili, hakuna wa kuziambia tezi za juu ya figo zitoe kotisoli, homoni inayousaidia mwili kustahimili ugonjwa. Na bila kotisoli, malaria ya siku mbili inaweza kuua.

Dawa yake ni homoni zenyewe, zile ambazo mwili hautengenezi tena. Damu ya Yaya ilivushwa mto Ruzizi ikapimwa Rwanda, na majibu yalikuja yakiwa chini kila mstari. Daktari alianza na hidrokotisoni, inayoshika nafasi ya kotisoli, akasubiri, ndipo akaongeza tairoksini, homoni ya tezi ya shingoni. Mpangilio huu nautilia mkazo kwa yeyote anayefanya kazi kama yangu: tairoksini ikitangulia, inauchochea mwili uchome kotisoli kidogo iliyobaki, na mgonjwa anaweza kuanguka mikononi mwako. Hidrokotisoni ya vidonge ikikosekana mjini, na hukosekana, daktari anampa predinizoloni, dawa ya jamii hiyo hiyo.

Wiki ya kwanza aliomba chakula. Aliomba! Sambaza, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga na ugali wa muhogo, akamaliza, akaulizia kama wapo wengine. Mwezi wa tatu nilimkuta uani anafua, sweta zote mbili zimeanikwa kwenye kamba pamoja na nguo nyingine.

Kinachonikaa kooni ni kwamba sindano mbili zilizokaa mahali penye ubaridi zingeweza kuzuia yote haya. Mwaka 2019 WHO, UNICEF na UNFPA, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, watoto na idadi ya watu, walitoa tamko la pamoja: ositosini inaweza kukaa kwenye frigo moja na chanjo. Jambo dogo kulisoma. Lakini najua vituo ambako frigo ya chanjo ilikuwepo, inafanya kazi, na ositosini ikawa nje yake kwa sababu frigo ni "ya watoto". Ipo pia karbetosini, binamu wa ositosini anayevumilia joto, ile isiyotaka frigo. Ilipimwa kwa wanawake 29,645 katika nchi 10, matokeo yakatoka mwaka 2018, ikaonekana kuzuia damu sawasawa na ositosini. Hiyo ni ya kuzuia damu mama anapojifungua tu; damu ikishaanza kumwagika tunarudi kwa ositosini, kwa asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia damu kuganda, kabla saa tatu hazijapita tangu kujifungua, na kwa ngumi.

Kwenye wodi yetu nina daftari la joto la frigo, asubuhi na jioni, kwa mkono wangu. Umeme ukikatika, ampuli zinaingia kwenye kisanduku cha chanjo chenye barafu, na kitambaa katikati zisigande. Na mama aliyepoteza damu nyingi haondoki kwangu bila kuandikwa nambari yake ya simu. Wiki ya pili nampigia. Swali langu ni moja: maziwa yamekuja?

Mwezi uliopita, saa kumi na moja alfajiri, simu yangu ililia. "Mdogo wangu, nina homa tangu usiku. Nimekunywa mara mbili ya dozi ya hidrokotisoni, kama mlivyonifundisha kwa siku ya homa, na kile kikaratasi cha ugonjwa wangu nimekifunga kwenye ncha ya kitenge. Nipo kwenye pikipiki." Nilitoka mpaka getini kumngoja. Alifika ameketi upande, sweta moja imefungwa kiunoni, anamlaumu kijana wa pikipiki kwa mwendo wake. Nilimshika mkono. Ulikuwa unachoma. Tukaenda kupima malaria.